Doti mbili badala ya vipande sita: jibu kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ubunifu wa vitambaa

Swali: Nasomea ubunifu wa vitambaa, niko mwaka wa mwisho hapa Dar es Salaam. Mradi wangu ni vipande sita vya pamba vya kazi ya mkono, na nimepanga kutumia batiki, kufunga na kutia rangi, chapa ya vibao vya mbao, na skrini (kupitisha wino kwenye wavu). Zimebaki wiki 14. Batiki ya majaribio imeniharibikia: rangi imepenya chini ya nta, nyeusi imekuwa kijivu chenye uzambarau baada ya kufua ingawa niliilowesha kwenye siki na chumvi ili ishike, na maandishi niliyochapa kwa skrini yamebanduka. Nifanye nini, na ninunue vifaa kiasi gani?

Jibu: Dada, ubunifu wako hauna tatizo. Matatizo yote matatu uliyoyataja yametokea kwenye sufuria, beseni na pasi, na kila moja lina sababu inayojulikana. Lakini kabla ya hayo, punguza mbinu. Njia nne katika wiki 14 maana yake ni kujifunza makosa ya njia nne, na kila moja ina makosa yake. Acha kufunga, acha vibao vya mbao. Baki na batiki kama kazi kuu na skrini kwa ajili ya maandishi peke yake.

Pia badilisha hesabu ya vipande. Badala ya sita visivyofanana, fanya doti mbili, yaani vipande vinne, kila doti ikiwa na vipande viwili vilivyo pacha. Kipande kimoja kizuri cha batiki kinaweza kuwa bahati. Viwili vinavyofanana vikitundikwa bega kwa bega vinamwonyesha mkaguzi kwamba unaijua njia uliyopita. Na umbo la kanga lenyewe, lenye pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake), linakupa mpangilio ambao macho ya watu wa hapa yanausoma bila maelezo.

Anza na kitambaa. Nunua pamba asilimia 100 isiyotiwa rangi, ile ya amerikani au nyeupe ya kawaida, uzito wa kama gramu 145 kwa mita ya mraba, upana sentimita 120. Ukiwa Kariakoo usiamini neno la muuzaji pekee. Omba uzi mmoja wa mtande (unaokwenda kwa urefu) na mmoja wa mshindio (unaokatiza kwa upana), uziunguze. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Uzi ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi, kitambaa kina poliesta, na rangi za pamba hazitaishika sehemu hiyo hata ufanyeje.

Kila kipande kikate sentimita 170, kwa sababu pamba isiyofuliwa hurudi, mara nyingi asilimia 5 hadi 8 kwa urefu. Vipande vinne vya maonyesho, vinne vya mazoezi na akiba, jumla mita 13.6. Ongeza mita 3 za sampuli. Nunua mita 17, zote kutoka jora moja, maana majora mawili yanaweza kunywa rangi tofauti hata kama macho hayaoni tofauti.

Kisha vichemshe. Kitambaa kipya kina wanga, nta asili ya pamba na mafuta ya mashine, na hivyo ndivyo vinavyoleta madoa ya mawingumawingu yasiyoelezeka. Chemsha kwa dakika 45 katika maji yenye gramu 4 za soda ashi (kaboneti ya sodiamu) kwa kila lita na sabuni kidogo ya maji, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika. Dondosha tone la maji juu ya kitambaa kikavu: likinywewa papo hapo, kiko tayari. Likikaa kama kishanga, rudia.

Sasa nta. Rangi kupenya chini yake kwa kawaida ni dalili kwamba nta ilikuwa ya baridi. Nta ya mishumaa huyeyuka kwenye nyuzi kama 55 hadi 65 za Selsiasi, ya nyuki kwenye 62 hadi 64, lakini kuyeyuka siyo kupenya. Ili iingie ndani ya uzi mpaka upande wa pili inahitaji nyuzi 115 hadi 130. Ukiipakaza, kitambaa kionekane kama karatasi iliyolowa mafuta, kipitishe mwanga. Ikikaa juu, nyeupe na mawingu, imeganda kabla ya kuingia, na rangi itapita chini yake. Ndiyo maana sufuria ndani ya sufuria ya maji haitoshi kwa kazi hii: maji yanakomea nyuzi 100. Tumia jiko la umeme lenye kidhibiti na kipimajoto cha mafuta ya kukaangia. Ukiona moshi, zima. Nta imepita kiasi. Ikishika moto, funika kwa mfuniko au mwagia mchanga mkavu. Maji kamwe, yatairusha nta inayowaka juu yako.

Kwa mchanganyiko, anza na sehemu 6 za nta ya mishumaa kwa 4 za nta ya nyuki. Ya mishumaa ni ngumu na hupasuka, ya nyuki ni laini na hushika. Nyufa ukizitaka, ongeza ya mishumaa. Usipozitaka, fanya nusu kwa nusu. Dukani sema "nta ya mishumaa", kwa kuwa kwa wengi neno parafini ni mafuta ya taa. Kilo 4 kwa jumla zinatosha kuanzia, kwa sababu sehemu kubwa utaiokoa wakati wa kuchemsha.

Mengine yanayopitisha rangi: kitambaa chenye unyevu, kitambaa kilicholala mezani badala ya kuvutwa kwenye fremu (nta inashika meza, ukikibandua inavunjika), na kukikamua kikitoka kwenye rangi. Kitambaa chenye nta hakikamuliwi, kinatundikwa kichuruzike. Baada ya kupaka, kiinue kwenye mwanga wa dirisha na ukitazame kwa nyuma, ujaze kila sehemu iliyobaki nyeupe kavu. Kwa doti moja kazi hiyo inachukua saa nzima, na ndiyo inayoamua usafi wa michoro.

Pindo nakushauri ulipige kwa mihuri ya sponji, kama mafundi wengi wa batiki wa hapa wanavyofanya. Kata godoro gumu la unene wa sentimita 5, gundisha kwenye plaiwudi yenye mshikio. Kipimo cha muhuri kisiwe cha kubahatisha. Kanga iliyokamilika iwe sentimita 150 kwa 110, pindo la sentimita 10 pande zote. Ukitenga pembe nne za 10 kwa 10, zinabaki 130 na 90, hivyo muhuri wa sentimita 10 unaingia mara 13 kwenye upande mrefu na mara 9 kwenye mfupi, bila kukata ua katikati. Jumla ni mipigo 44 na pembe 4, na pembe ziwe na muhuri wake wenyewe. Wengi huchora ua zuri la sentimita 12 halafu wanagundua pembeni kwamba nusu yake haina pa kwenda. Chonga mihuri mitatu ya kila mchoro, kwa sababu sponji hulegea kwa joto na mpigo wa arobaini hautafanana na wa kwanza. Vipimo vyote hivi vichukuliwe baada ya kitambaa kuchemshwa, na acha sentimita 2 kila upande za kukunja. Mji wa kanga uchore kwa brashi ya manyoya ya kweli. Nailoni inajikunja ndani ya nta ya moto.

Tuje kwenye nyeusi yako. Siki na chumvi havishikishi rangi kwenye pamba. Ushauri huu unasambaa sana na umeharibu kazi nyingi. Rangi baridi za pamba, zile zinazotumia soda ashi, hujifunga na uzi katika mazingira ya alkali, si ya asidi. Chumvi inaisukuma rangi kutoka majini kuelekea kitambaani, basi. Soda ndiyo inayoifunga. Siki inaiua soda. Ukitia siki kabla rangi haijajifunga, umeisimamisha kazi katikati. Siki ni ya sufu na hariri, na kwa rangi za aina nyingine.

Pima kila kitu kwa mizani ya jikoni, kwa kufuata uzito wa kitambaa kikavu kabla ya kupakwa nta, kwani baada ya nta uzito haukuambii tena kitu. Doti moja ya kitambaa hiki ina kama gramu 500. Kwa rangi hafifu tumia asilimia 1 ya uzito huo, ya kati 2 hadi 3, na nyeusi asilimia 8, yaani gramu 40. Wanaoitia nyeusi kwa kipimo cha nyekundu ndio wanaopata kijivu. Tena nyeusi nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na iliyoshika vibaya huonyesha uzambarau au ukijani ikifuliwa.

Kwa kitambaa kisicho na nta lita 10 zingetosha doti. Chenye nta hakitakiwi kukunjamana, hivyo tumia beseni pana na lita 15. Weka chumvi gramu 750; soda ashi gramu 150 itaingia baadaye. Yeyusha unga wa rangi kwanza kwa maji kidogo ya vuguvugu mpaka usiwe na vidonge, umimine kwenye maji ya chumvi, uingize vipande vyote viwili vya doti kwa pamoja, vilivyoloweshwa kwa maji. Nasisitiza vyote viwili: pacha waliooga maji tofauti hawafanani. Vigeuze taratibu kwa dakika 20. Vitoe, mimina soda iliyoyeyushwa pembeni na kupoa, koroga, virudishe kwa saa 1. Soda usiimwage moja kwa moja juu ya kitambaa, italeta madoa meusi. Maji yawe nyuzi 25 hadi 30. Zikipita 35 nta inaanza kulegea.

Nyeusi iache saa 2, kisha vitandaze bapa juu ya nailoni, funika kwa nailoni nyingine mpaka asubuhi. Rangi hizi hufanya kazi zikiwa na unyevu tu. Kitambaa kilichotoka beseni na kuanikwa juani kikakauka kwa nusu saa kimekatishwa kazi, na rangi isiyojifunga itatoka kwenye mfuo wa kwanza. Joto la Dar linakusaidia. Anayefanya hivi Iringa au Nairobi mwezi Julai aongeze muda au atafute chumba chenye joto. Na rangi iliyokwisha kutiwa soda haitunzwi mpaka kesho. Inajifunga na maji yenyewe, ikabaki na sura nzuri lakini haina nguvu.

Soda ashi siyo magadi ya jikoni. Magadi ya kuchimbwa yana nusu ya soda ashi na nusu ya bikaboneti, pamoja na uchafu wa aina mbalimbali, kwa hiyo ukali wake ni mdogo na haulingani mfuko hadi mfuko. Baking powder ndiyo kabisa haifai. Mahesabu ya manunuzi kwa vipande vinane, ukifuata njano asilimia 2, nyekundu 3, nyeusi 8: njano gramu 40, nyekundu 60, nyeusi 160. Ongeza robo kwa sampuli, inakuwa 50, 75 na 200. Soda kilo 2.5 pamoja na ya kuchemshia, chumvi ya kawaida kilo 10.

Mpangilio wa rangi ni kutoka hafifu kwenda nzito. Nta ya kwanza inalinda nyeupe. Unatia njano, unasuuza kwa maji baridi, unakausha kabisa. Nta ya pili inalinda njano. Ukitia nyekundu juu ya njano utapata rangi ya chungwa iliyoiva, si nyekundu safi, na ndivyo inavyotakiwa kuwa kwenye mchoro wako tangu mwanzo. Nta ya tatu inalinda hiyo, kisha nyeusi. Usipange bluu safi katika mfuatano huu: bluu juu ya njano ni kijani, na hakuna ufundi utakaoibadilisha. Doti ya pili ianze na bluu hafifu kama unaitaka sana.

Huenda ulichouziwa si rangi ya soda ashi. Mitaani nyingi huuzwa kwa kupimiwa, bila jina. Tia chembe kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Ikiyeyuka ikawa maji safi yenye rangi, ni aina niliyoieleza. Chembe zikielea na kutua chini, ni ile ya kostiki (soda kali) na haidrosi (unga unaoiyeyusha rangi hiyo majini). Hiyo nayo ni nzuri, inadumu sana juani na kwenye mfuo, ila kanuni zake ni nyingine: maji hubadilika rangi haidrosi inapofanya kazi, na kitambaa hurudi kwenye rangi yake halisi kikikutana na hewa, dakika 15 hadi 30. Rangi yake ikiachia ukiisugua, haidrosi ilikuwa kidogo au imezeeka kwa unyevu. Kostiki hutiwa kwenye maji, si maji kwenye kostiki, na kamwe si ndani ya sufuria ya alumini. Inakula pia nta ya nyuki, hivyo punguza nta ya nyuki hadi sehemu 2 kwa 8 na usikawie kwenye beseni. Chagua familia moja ya rangi kwa mradi wote. Kwa aina yoyote, vaa glavu, na ziba pua na mdomo kwa barakoa unapopima unga. Rangi za soda ashi zinaweza kuanzisha pumu kwa anayezivuta mara kwa mara.

Kutoa nta: kwanza suuza kwa maji baridi mpaka yasiwe na rangi. Ukiruka hatua hii ukaenda moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, nyeusi iliyolegea itapaka kwenye nyeupe yako. Kisha chemsha kwa maji mengi na sabuni, ukisukuma kitambaa kwa mti. Acha ipoe, nta itaganda juu kama utando, uiondoe. Rudia mara mbili au tatu. Pasi na magazeti hupunguza nta lakini huacha kivuli cha mafuta, na kivuli hicho ndicho kitakachokataa wino wa skrini. Maji yenye nta usiyamwage kwenye sinki. Nta uliyookoa iyeyushe polepole mpaka ikome kutoa mapovu, kwa sababu maji yaliyojificha ndani yake yakipata nyuzi 100 huruka.

Hapo ndipo jina linapoingia, mwisho kabisa. Herufi usijaribu kuzichora kwa nta: nta husambaa milimita moja au mbili kila upande na kuziba matundu ya A, B na R. Linda kwa nta ukanda mweupe wa sentimita 60 kwa 8 kabla ya rangi ya kwanza, kisha uchape jina juu yake kwa wino mweusi au mwekundu. Wino wa kawaida juu ya kitambaa cheusi hauonekani, hivyo ukanda huo unakuokoa. Skrini ya nyuzi 43 kwa sentimita inafaa kwa herufi za ukubwa huu. Chini ya kitambaa tandika blanketi na shuka iliyovutwa vizuri, vinginevyo upande mmoja wa herufi utatoka hafifu.

Kubanduka kwa chapa yako kunatokana na moja kati ya haya: hukupiga pasi, ulizidisha rangi, au kitambaa hakikuchemshwa. Wino huu hauingii ndani ya uzi. Unashikiliwa na gundi iliyomo ndani yake, na gundi inahitaji joto ili ikomae. Rangi gramu 4 kwa gramu 96 za gundi yake inatosha. Acha ikauke usiku kucha, kisha piga pasi ya joto la pamba bila mvuke, kwa nyuma, dakika 4 kwa kila sehemu, pasi isitembee ovyo. Usifue kabla ya siku tatu.

Wiki zako zigawe hivi: mbili za kwanza kitambaa na sampuli za rangi, mbili zinazofuata nta na mihuri, ya tano mchoro kamili kwenye karatasi yenye ukubwa halisi. Ya sita na ya saba tengeneza doti nzima ya mazoezi, pamoja na jina na kufua. Usiruke hili hata kama muda unabana. Doti za maonyesho zichukue wiki ya nane hadi ya kumi na moja, skrini ya kumi na mbili, zinazobaki ni kukunja, kupima na kutundika. Mvua za masika zikiangukia humo, ongeza siku mbili kwa kila ukaushaji, maana kitambaa chenye unyevu hakipokei nta.

Daftari la sampuli lianze leo. Kwenye mita moja ya kitambaa kilichochemshwa utapata vipande 25 vya sentimita 20 kwa 20, na kila kimoja kikate nusu: nusu moja ifuliwe, nyingine ibaki kama ilivyo, zibandikwe ubavu kwa ubavu. Andika gramu za rangi, chumvi na soda, lita, joto la maji, muda, na kilichoharibika. Vilivyoharibika usivitoe. Ongeza majaribio mawili yenye alama: shona kipande cha sentimita 10 kwa 4 pamoja na pamba nyeupe, vifue kwa maji ya nyuzi 60 na sabuni kwa nusu saa, uone nyeupe imechafuka kiasi gani, na sugua kwa kitambaa cheupe mara kumi kikavu, mara kumi kikiwa na maji. Toa alama 1 hadi 5, 5 ikiwa haijaachia kabisa. Nyeusi ikipata chini ya 4 kwenye mfuo, rudi kwenye kusuuza kabla hujagusa kipimo cha rangi, kwa sababu mara nyingi kilichobaki ni rangi isiyojifunga ambayo haikutolewa kwa maji ya moto. Loweka kwenye maji yanayokaribia kuchemka kwa dakika 10, badilisha maji, rudia mpaka yatoke meupe, ndipo upime tena.